Shajara ya mradi: Kipi kisafiri na kipi kibaki kati ya seva ya Tabora na ya Sikonge

Ushirika wetu wa wafugaji nyuki una ofisi Tabora mjini na ghala la pili Sikonge, kama kilomita 70 kusini. Mfumo wa mapokezi ya asali umekaa miaka yote kwenye seva moja ya mjini, na watu wa Sikonge wakiufikia kwa intaneti ya simu. Mtandao ukipotea, mrina asali aliyetoka porini na ndoo zake anaandikiwa uzito kwenye karatasi, na deni lake la mizinga halionekani mpaka siku ya pili. Nimepewa kazi ya kuweka seva Sikonge yenye nakala ya kanzidata, ghala lifanye kazi mtandao uwepo usiwepo, na siku seva ya mjini ikifa tuwe na pa kuanzia.

Naandika hapa kila hatua inapokamilika ili mwenye ghala la pili, zahanati ya pili au duka la pili asirudie makosa yangu. Seva zote mbili zinatumia mfumo endeshi wa Debian 12 na programu ya kanzidata ya MariaDB 10.11. Kuziunganisha kulichukua mchana mmoja. Kujua kipi kisafiri kumechukua miezi minne.

10 Machi 2025. Kuhesabu kilichopo

Nimeanza kwa kuuliza kanzidata yenyewe ina nini na kila jedwali lina uzito gani:

`SELECT table_name, engine, ROUND((data_length+index_length)/1048576) AS MB FROM information_schema.tables WHERE table_schema='ushirika' ORDER BY 3 DESC;`

Jumla ni karibu GB 2.9. Jedwali la `kumbukumbu`, linaloandika kila kitufe alichobonyeza kila mtumiaji, lina GB 1.4. `wanachama` lina MB 860, kwa sababu aliyetengeneza mfumo aliingiza picha ya kila mwanachama ndani ya jedwali lenyewe, na wanachama ni 4,200. `ripoti_muda`, yaani ripoti zilizokwisha kupigwa hesabu na kuwekwa tayari, lina MB 500. Halafu `mapokezi` na `malipo`, ambayo ndiyo roho ya ushirika, yote mawili hayafiki MB 80. Chini kabisa kuna vidogo: `mikopo_mizinga`, `vikao` (nani ameingia kwenye mfumo), `foleni_sms` (meseji zinazosubiri kutumwa), `vijiji`.

Nimepanga hivi: vikubwa visivyo na faida vibaki, vidogo vyote vipite tu kwa kuwa havina gharama. Uamuzi huu nauacha hapa kama nilivyouandika siku hiyo. Karibu kila tatizo lililofuata lilitoka ndani yake.

15 Machi. Kunakili faili huku seva iko kazini

Nilitaka njia ya mkato. Faili za kanzidata zimelala kwenye `/var/lib/mysql`, kila kanzidata na folda yake, kila jedwali na faili yake ya `.ibd`. Nikasema nitachukua folda ya `ushirika` peke yake kwa `rsync`, programu ya kunakili faili, niipeleke kwenye mashine mpya.

Mashine mpya ikaonyesha majina ya majedwali yote, lakini kila nililolifungua likajibu kwamba halimo kwenye injini. Sababu ni kwamba faili ya `.ibd` haijitegemei. Orodha ya majedwali ambayo InnoDB, injini inayohifadhi majedwali yetu, inaitambua imo kwenye `ibdata1`, nje ya folda ile, na mabadiliko ambayo hayajatua yamo kwenye `ib_logfile0`. Ukichukua folda bila hizo mbili umechukua mlango bila fremu.

Nikarudi nikachukua saraka nzima ya `/var/lib/mysql`, seva ikiwa bado inafanya kazi. Ilichukua dakika 20. Safari hii ikawaka, lakini faili ya makosa ikajaa malalamiko kwamba kurasa fulani zina namba ya mfuatano iliyo mbele ya namba ya mfumo wenyewe. Maana yake faili ya kwanza niliichukua ikiwa na hali ya saa nne kamili, na ya mwisho ikiwa na hali ya saa nne na dakika 20. Kati ya hapo mhasibu alikuwa analipa watu. Nakala ya namna hiyo usiitumie hata kama inafunguka. Nimeifuta.

Njia iliyofaa:

`mariadb-dump --single-transaction --master-data=2 --databases ushirika | gzip > ushirika.sql.gz`

Inatoa picha ya wakati mmoja bila kumsimamisha mtu kazi, na inaandika juu ya faili mahali pa kuanzia kwenye daftari la mabadiliko, lile ambalo programu inaliita binlogi. Ila zingatia: ulinzi huo wa wakati mmoja unafanya kazi kwa majedwali ya InnoDB tu. `mikopo_mizinga` lilikuwa bado la injini nyingine, MyISAM, tangu zamani. Nimelibadilisha kabla ya kutoa nakala (`ALTER TABLE mikopo_mizinga ENGINE=InnoDB;`), kazi ya sekunde chache. Angalia safu ya `engine` kwenye ile orodha ya 10 Machi kabla hujafanya lolote.

Jingine la haraka: seva zote mbili zilikuwa na `server_id`, namba ya utambulisho, ileile na zikakataa kusemezana. Tabora ni 1, Sikonge ni 2.

22 Machi. Kilo zinalingana, shilingi hazilingani

Seva ya pili bado iko mezani kwangu hapa mjini. Urudufishaji, yaani nakala kuvuta na kurudia kila badiliko la Tabora, nimeuchuja kwa `replicate-do-db`, mstari unaotaja kanzidata za kupokea. Mara ya kwanza niliandika majina mawili ya kanzidata kwenye mstari mmoja na kuyatenga kwa mkato, na hakuna kilichokuja kabisa, kwa kuwa mashine iliusoma mstari mzima kama jina la kanzidata moja. Kila jina linataka mstari wake.

Baada ya hapo vitu vikaanza kuja na hali ikaonyesha sifuri kwenye `Seconds_Behind_Master`, yaani nakala haiko nyuma ya Tabora hata sekunde moja. Ningeridhika, lakini mhasibu wetu ana tabia ya kutoamini neno "sawa" bila jumla chini yake. Aliniambia, "Mwanangu, nipigie jumla ya kilo na jumla ya malipo ya mwezi wa pili, huku na huku." Kilo zikalingana mpaka desimali. Malipo ya Sikonge yakapungua kwa siku tatu nzima.

Hakuna kosa lililoandikwa popote. Nilitumia jioni mbili kulitafuta. Programu ya malipo ya mkupuo inaingia kwanza kwenye kanzidata nyingine ya kazi za muda, halafu ikiwa humo inaandika `UPDATE ushirika.malipo ...`. MariaDB kwa kawaida yake inatumia mtindo wa MIXED, ambao mara nyingi unaandika kwenye daftari la mabadiliko sentensi ya amri yenyewe. Na `replicate-do-db` ikikutana na sentensi haiangalii jedwali lililoguswa, inaangalia mtu alikuwa amesimama kwenye kanzidata gani alipoandika. Malipo yale yaliandikwa na mtu aliyesimama nje, basi yakapitwa kimya.

Marekebisho mawili, na yote nayaona ya lazima:

`binlog_format = ROW` kwenye seva mama, yaani ya Tabora, ili daftari liandike mistari iliyobadilika badala ya sentensi.

`replicate-do-table` au `replicate-wild-do-table` kwenye seva ya nakala, kwa kuwa hizi zinaangalia jedwali lenyewe.

Nikaenda na `replicate-do-table` na kutaja moja moja: `wanachama`, `mapokezi`, `malipo`, `mikopo_mizinga`, `foleni_sms`. Tangu siku hiyo jumla ya kilo na jumla ya shilingi za kila mwezi zinapigwa pande zote mbili kila Jumatatu asubuhi. Neno la kijani la mfumo silihesabu kama ushahidi.

2 Aprili. Jedwali la mistari 61 limesimamisha kila kitu

Seva imekwenda Sikonge wiki iliyopita. Leo asubuhi urudufishaji umesimama kwa kosa 1452: mwanachama mpya ametajwa kuwa wa kijiji ambacho hakipo.

Kwenye ile orodha ya majina matano niliacha `vijiji`. Nilisema lina mistari 61, halibadiliki, na limo tayari kwenye nakala ya kwanza. Jana kikundi kipya cha wafugaji kimejiunga kutoka kijiji ambacho hatukuwa nacho. Mjini kijiji kiliongezwa kwanza, wanachama wakafuata. Sikonge walifika wanachama bila kijiji chao, na kanzidata ikawakataa kama ilivyopaswa. Kwa kuwa mabadiliko yanatekelezwa kwa foleni, nyuma ya huyo mmoja yakakwama mapokezi yote ya siku.

Niliongeza kijiji kwa mkono, nikawasha tena, kazi ikaendelea. Lakini orodha ya majina nimeichoka. Kila jedwali jipya atakaloongeza mtengenezaji wa mfumo litanihitaji nikumbuke, na nikisahau nitajua siku ghala limejaa watu. Majedwali yaliyofungwa pamoja kwa uhusiano yanasafiri pamoja au hayasafiri.

14 Aprili. Bando la mwezi limeisha kwa siku 11

Bando la GB 10 la Sikonge limeisha leo. Nililiwasha tarehe 3. Nimenunua nyongeza kwa Sh 55,000, fedha ambazo hazikuwa kwenye bajeti niliyoisomea kamati.

Sikuelewa. `kumbukumbu`, `vikao` na `ripoti_muda` vyote nimevichuja, Sikonge havionekani. Kumbe kichujio cha `replicate-` kinafanya kazi kwenye seva inayopokea, baada ya kupokea. Kuna mfanyakazi mmoja anayevuta daftari zima la mabadiliko kutoka Tabora na kuliweka Sikonge, halafu mwingine analisoma na kuchagua cha kutekeleza. Kila kitufe kilichobonyezwa mjini kilisafiri kilomita 70 kwa bando letu kuja kutupwa. Kama MB 900 kwa siku.

Basi kisichotakiwa kusafiri kinabidi kisiandikwe kwenye daftari tangu Tabora. Kuna `binlog-ignore-db` kwa kazi hiyo, lakini inakubali kanzidata nzima tu, haitaji majedwali. Nimefanya nilichopaswa kufanya mwanzoni: nimehamisha majedwali. Sasa kuna kanzidata `muda`, ndani yake `kumbukumbu`, `vikao` na `ripoti_muda`, na seva mama haiiandiki kabisa kwenye daftari. `ushirika` imebaki na vya kusafiri, na Sikonge ina mstari mmoja tu: `replicate-wild-do-table = ushirika.%`, yaani kila jedwali la `ushirika`. Orodha ya majina imekufa. Jedwali jipya likizaliwa, swali ni lizaliwe nyumba gani.

Tahadhari kwa atakayeiga: kisichoandikwa kwenye daftari la mabadiliko hakiwezi kurejeshwa kwa daftari hilo siku ya ajali. `muda` tunaikubali ipotee. Usiweke humo kitu ambacho utakililia.

Baada ya hapo matumizi yakashuka, lakini siku moja yakaruka tena hadi MB 240 na zaidi. Siku hiyo karani alikuwa anasahihisha namba za simu za wanachama 600. Mtindo wa ROW kwa chaguo lake la kawaida unaandika mstari mzima kabla ya badiliko na mstari mzima baada yake, na mstari wa mwanachama una picha ya KB 200. Kubadilisha tarakimu moja ya simu kulisafirisha picha ileile mara mbili. Kuna dawa ya haraka, `binlog_row_image = NOBLOB`, inayoacha vitu vizito visivyobadilika, na nimeiweka. Ila dawa yenyewe ni kutoa picha kwenye jedwali. Zimekwenda kwenye folda ya kawaida, na Sikonge inazichukua usiku kwa `rsync`, mpya tu. Faili za picha hazina tatizo la 15 Machi, kwa kuwa ikishaandikwa haiguswi tena.

Pamoja na `slave_compressed_protocol = 1`, sasa ni kama MB 14 kwa siku.

28 Aprili. Namba za vitambulisho

Nikiwa bado nahamisha, nimekaa na katibu juu ya jambo ambalo halihusu bando. `wanachama` lilikuwa na namba ya kitambulisho cha taifa na namba ya akaunti ya benki. Ghala la Sikonge linapima asali na kuangalia deni. Halilipi mtu benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikae kwa kadiri ya kazi inayozihitaji, na hata isingekuwepo, mashine ya Sikonge imekaa kwenye chumba ambacho kufuli lake mimi mwenyewe silitegemei.

Urudufishaji hauwezi kuchagua safu ndani ya jedwali kwa vichujio hivi. Na kuchuja upande wa kupokea hakusaidii, kwa sababu kama tulivyoona, daftari zima linafika na kukaa kwenye diski ya Sikonge. Nimezitoa safu hizo mbili na kuzipeleka kanzidata ya tatu, `siri`, isiyoandikwa kwenye daftari. Hii hatukubali ipotee, kwa hiyo inatolewa nakala kila usiku saa 8 kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa nywila, ambayo mwenyekiti ndiye mwenye funguo za kabati lake. Diski imegharimu Sh 130,000.

6 Mei. Stakabadhi 4,118 zimekuwa mbili

Mpaka hapa Sikonge walikuwa wanasoma tu. Msimu wa kurina unakaribia na wanataka kuandika mapokezi yao wenyewe mtandao ukiwa umekatika. Nimejaribu pande zote mbili ziandike kwenye `mapokezi` na kurudufishiana. Siku ya pili ya jaribio Tabora walitoa stakabadhi 4,118 wakati mtandao umekatika, na Sikonge nao wakatoa 4,118. Mtandao uliporudi pande zote mbili zikasimama kwa kosa 1062: namba imejirudia.

Kuna njia inayoelekezwa mara nyingi: upande mmoja utoe namba witiri, mwingine shufwa, kwa `auto_increment_increment` na `auto_increment_offset`. Namba hazitagongana. Lakini stakabadhi zetu zinakaguliwa, na mkaguzi wa ushirika akikuta kitabu kinachoruka namba atauliza ziko wapi zilizorukwa, na atakuwa na haki.

Nilikwenda Sikonge kumweleza mtunza ghala kwamba huenda wabaki kusoma tu. Ni mzee aliyepokea asali ya mizinga ya magome tangu mizani zikiwa za kuning'iniza. Baada ya mwangaluka na shikamoo nilimfungulia kompyuta nikamweleza. Akaniacha nimalize, akaenda kabatini akarudi na kitabu cha stakabadhi cha karatasi.

"Mwanangu, hiki ni cha Sikonge. Hakijawahi kwenda Tabora. Cha Tabora hakijawahi kuja huku. Kinachokwenda ni nakala ya kaboni, mwisho wa mwezi. Sasa nani amesema tuandike kitabu kimoja?"

Hakuna aliyesema. Ni mimi nilidhani hivyo, kwa kuwa jedwali lilikuwa moja.

Nimerudi mjini nikalivunja. Kila jedwali sasa lina mwenyewe mmoja anayeliandika, na kwingine kote ni kaboni. `ushirika` inaandikwa Tabora, Sikonge inasoma. Kanzidata mpya `ghala_sikonge` inaandikwa Sikonge, Tabora inasoma. Stakabadhi za huku zinaanza na T, za kule na S, kila kitabu na mfuatano wake usioruka. Ripoti ya jumla inasoma vyote viwili na kuviunganisha wakati wa kusoma. Mtumiaji wa mfumo wa Sikonge amepewa haki ya `SELECT` tu juu ya `ushirika`, na kuandika kwenye `ghala_sikonge` peke yake, ili hata programu ikikosea isiweze kuandika kitabu cha mwenziwe. Watumiaji na nywila za kanzidata yenyewe, yaani kanzidata `mysql`, hazitekelezwi upande wa pili; kila seva ina zake.

Ningekwenda kwa mzee yule mwezi Machi ningepunguza nusu ya shajara hii.

9 Juni. Wafugaji wamepata meseji mbili za malipo

Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu liliwafikia watu.

Leo mhasibu amelipa wafugaji 312 wa mzunguko wa kwanza wa msimu. Mfumo unaandika meseji kwenye `foleni_sms`, na kila dakika programu ndogo inaisoma, inatuma, halafu inaandika "imetumwa". Kwa wingi ule kutuma kote kunachukua kama dakika nane. `foleni_sms` lilikuwa ndani ya `ushirika` tangu ile siku ya kwanza niliposema vidogo vyote vipite. Na mfumo wa Sikonge niliuweka kwa kunakili folda nzima kutoka mjini, pamoja na ile programu ya kila dakika na ufunguo wa kutumia meseji.

Basi foleni ilifika Sikonge, programu ya huko ikaiona, ikatuma. Ikajaribu kuandika "imetumwa" ikakataliwa, kwa kuwa nimeinyima haki ya kuandika. Dakika iliyofuata ikaona foleni bado ipo, ikatuma tena zile ambazo alama ya Tabora ilikuwa haijazifikia. Wengine wamepata meseji mbili, wengi tatu, kila moja ikisema umelipwa kiasi fulani. Meseji 541 za ziada, kama Sh 13,000.

Fedha hizo ni kidogo. Saa saba mchana alifika mzee kwa baiskeli kutoka kijijini, jua lote lile, na simu mkononi. Hakuja kudai. Aliuliza, "Mwanangu, nimelipwa mara mbili, au nimeandikiwa mara mbili? Maana kama nimelipwa mara mbili, moja si yangu." Nilimwambia ni kosa langu, nikamwonyesha salio lake. Alikunywa maji akarudi alikotoka. Jioni tumetuma meseji moja ya kuomba radhi kwa wote 312, safari hii kutoka seva moja.

`foleni_sms` limehamishiwa `muda`. Foleni ni agizo la kazi, na agizo ukilirudufisha umeamuru kazi ifanyike mara mbili. Nimepitia kila kitu chenye sura hiyo: foleni ya kuchapa, ratiba za kufunga mwezi, alama za "inasubiri". Vyote vimetoka. Sikonge nimeondoa kazi zote za ratiba na ufunguo wa meseji. Ukweli wa kwamba fulani amelipwa uko kwenye `malipo`, na huo unasafiri.

24 Juni. Sikonge imezimwa siku tano

UPS ya Sikonge, yaani betri ya akiba, iliungua, mashine ikazimwa ikisubiri nyingine. Iliporudi ikaomba kuendelea ilipoishia, na Tabora ikajibu kosa 1236: daftari la tarehe hiyo halipo tena. Nilikuwa nimepunguza `expire_logs_days`, siku ambazo daftari linatunzwa, hadi 3 wakati daftari lilipokuwa linajaza diski kwa MB 900 kwa siku, na sikukumbuka kuirudisha. Sasa ni 14, pande zote. Chukua muda mrefu zaidi ambao upande mmoja umewahi kukaa gizani, kisha zidisha.

Ilibidi kuanza upya na nakala nzima. Mwezi Machi hiyo ingekuwa safari ya basi na diski mfukoni. Safari hii faili ya `ushirika` ikiwa imebanwa ilikuwa MB 31, ikapita kwa mtandao wa simu, na ghala lilikuwa linasoma madeni ndani ya dakika 40. Mapokezi ya `ghala_sikonge` hayakuguswa, kwa kuwa mwenyewe ni Sikonge.

12 Julai. Usanidi ulivyo na gharama

Tabora:

```
server_id = 1
log_bin = /var/log/mysql/mariadb-bin
binlog_format = ROW
binlog_row_image = NOBLOB
binlog-ignore-db = muda
binlog-ignore-db = siri
expire_logs_days = 14
replicate-wild-do-table = ghala_sikonge.%
slave_compressed_protocol = 1
```

Sikonge ni hivyohivyo, isipokuwa `server_id = 2`, `replicate-wild-do-table = ushirika.%`, na haina mistari ya `binlog-ignore-db`. Mawasiliano yanapita ndani ya njia ya siri ya WireGuard; usifungue mlango wa 3306, ule wa MariaDB, kwa dunia. Na ukibadilisha umbo la jedwali lolote, ingia kwanza kwenye kanzidata yake kwa `USE`, kwa kuwa amri za namna hiyo bado zinaandikwa kama sentensi hata kwenye ROW, na lile tatizo la 22 Machi linarudi.

Gharama: kompyuta iliyotumika Sh 420,000, SSD 85,000, UPS 190,000 (ya pili nimepewa kwa dhamana), rauta 120,000, diski ya nje 130,000. Bando la miezi mitano 200,000 na nyongeza ya Aprili 55,000. Safari saba za Sikonge 140,000. Meseji za makosa 13,000. Jumla Sh 1,353,000. Nilikuwa nimeiambia kamati milioni moja na laki moja.

19 Julai. Kuzima seva mama kwa makusudi

Jumamosi, ofisi ikiwa imefungwa, nimechomoa seva ya Tabora kama iliyoibiwa, nikajaribu kuisimamisha upya kwenye kompyuta nyingine kwa kutumia kilichoko Sikonge na diski ya kabatini tu. Mhasibu alikaa pembeni na daftari lake.

`ushirika` na `ghala_sikonge` zilirudi kabla ya saa sita. Kilo za msimu mzima zikalingana, malipo yakalingana. `muda` nimeiunda tupu, na kila mtu ataingia upya kwenye mfumo.

`siri` imetuangusha. Umeme ulikatika usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa, saa 8 ikapita mashine imelala, na nakala ya mwisho kwenye diski ilikuwa ya Jumatano usiku. Wanachama tisa walioandikishwa Alhamisi na Ijumaa wana majina, vijiji na mizinga yao, hawana namba za akaunti. Kwa kuwa lilikuwa jaribio, namba zao ziko salama kwenye seva mama, niliyoiwasha tena saa 9 alasiri.

Kuanzia Jumatatu nakala ya `siri` inatolewa saa 10 jioni, kabla mwenyekiti hajafunga kabati, na ile ya saa 8 usiku inabaki kama ya ziada. Mhasibu ameandika kwenye kalenda ya ukutani: jaribio lingine, 18 Oktoba.